Waifai ya ofisi ya serikali: nani aingie, na nini hasa kinalindwa?

Keti kwenye benchi la kusubiri katika makao makuu ya wilaya hapa Uganda, iwe Koboko, Busia au Tororo, halafu fungua orodha ya waifai kwenye simu yako. Usishangae kukuta jina la ofisi ya CAO (ofisa mkuu mtendaji wa wilaya), jina la kitengo cha mipango, jina la idara ya afya, printa inayojitangaza bila kufuli lolote, na simu mbili tatu zilizowashwa hotspoti. Chini kabisa, kwa mawimbi hafifu, kuna waifai ya duka la ng'ambo ya barabara.

Na pale kaunta mazungumzo ni yaleyale.

"Nnyabo, nisaidie paswadi ya waifai nitoe PRN."

"Hiyo ni ya wafanyakazi tu, ssebo."

Basi mzee anatoka nje kutafuta bando ya siku. PRN ni ile namba ya malipo inayotolewa kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya mapato, na bila hiyo hulipi ada wala kodi ya serikali. Maombi ya pasipoti yako mtandaoni. Namba ya mlipakodi iko mtandaoni. Serikali imehamisha huduma kwenye intaneti, kisha inamwacha mwananchi ajitafutie intaneti akiwa amesimama ndani ya jengo la serikali.

Ndiyo maana maneno hayaishi. Kuna wanaosema mtandao umelipiwa na kodi yetu, kwa hiyo tupewe. Kuna wanaosema heri usipewe, kwa sababu ukiingia tu serikali inasoma WhatsApp yako. Wafanyakazi nao wanasema wakiruhusu kila mtu, wadukuzi watafika mpaka kwenye mishahara. Kila kundi limeshika ukweli nusu. Mimi nina upande wangu, na nitausema mapema ili msomaji anipime: ofisi inayowanyima wageni waifai haijawa salama zaidi kwa kufanya hivyo, na mara nyingi imejiweka pabaya zaidi. Ili hoja hiyo ieleweke, tuanze na maneno yenyewe.

Intaneti na waifai ni vitu viwili. Intaneti ni mtandao wenyewe, unaofika kwenye jengo kwa waya wa faiba au kwa laini ya simu. Waifai ni kipande cha mwisho tu, zile mita chache za hewani kati ya simu yako na ruta, kile kisanduku chenye antena na taa zinazowaka na kuzimika. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha waifai imeshika vizuri na bado hakuna kinachofunguka: umefika kwenye ruta, lakini ruta yenyewe haina pa kwenda. Nywila, au paswadi kama wengi tunavyoiita, ndiyo inayoamua nani aingie. Kusimba ni kuyageuza maneno yako kuwa fumbo ambalo asiye na ufunguo hawezi kulisoma. Watu wengi huchanganya hayo mawili ya mwisho, na mkanganyiko unaanzia hapo.

Waifai ni redio. Mawimbi yake hayajui ukuta wa ofisi unaishia wapi. Yanatoka dirishani, yanafika maegesho, yanafika kibanda cha chapati. Ichukulie kama mazungumzo ndani ya taksi iliyojaa, inayotoka Old Taxi Park kwenda Mukono, abiria 14 bega kwa bega. Ukiongea, wote wanasikia, huna namna ya kuwazuia. Ukitaka siri unamgeukia mwenzako na kumwambia kwa Kilugbara: wengine wanasikia sauti, lakini hawaambulii kitu. Huko ndiko kusimba. Kilugbara chako kitakusitiri mradi kiti cha nyuma hakuna mwingine anayekijua. Na nywila moja iliyobandikwa ukutani, inayojulikana na mkuu wa idara, mlinzi, mwanafunzi wa mafunzo kazini na mpwa wa mhasibu, ni sawa na kuwafundisha abiria wote 14 lugha hiyo kabla hujaanza kuongea.

Hilo si fumbo la kupamba makala. Kwenye aina ya ulinzi iliyoenea zaidi kwa ruta za ofisi na nyumbani, yaani WPA2 yenye nywila moja kwa wote, mtu anayeijua nywila na akanasa ile sekunde simu yako inapojiunga na ruta, anaweza kuufungua usimbaji wa hewani kati yako na ruta. Kufuli lile dogo kwenye orodha linakuambia kwamba wasio na nywila wako nje. Juu ya walio ndani pamoja nawe halisemi lolote.

Ulinzi wenyewe umepita hatua kadhaa. Ule wa kwanza, WEP, ulikuja na viwango vya waifai vya mwaka 1997, na kufikia 2001 watafiti walikuwa wameonyesha jinsi ya kuuvunja. WPA ikaletwa 2003 kama kiraka, WPA2 ikafuata 2004. Mwaka 2017 mtafiti Mbelgiji, Mathy Vanhoef, alitangaza dosari iliyoitwa KRACK ndani ya WPA2 yenyewe. Ilizibika kwa kusasisha programu, maana yake ilizibika kwa vifaa vilivyosasishwa. Mwaka uliofuata ikatoka WPA3, ambayo pamoja na mengine inamzuia mwenye nywila kusoma mawasiliano ya wenzake. Simu nyingi za sasa zitakuonyesha ni aina gani ukifungua maelezo ya mtandao uliojiunga nao. Ukiona WEP katika jengo la serikali leo, ruta hiyo ni ya kustaafisha.

Lakini kubadilisha ruta peke yake hakutoshi ikiwa bado watu wote wanatumia ufunguo mmoja. Njia bora tunayo hapahapa Uganda, na wanafunzi wanaitumia kila siku bila kuifikiria: eduroam, inayoendeshwa nchini na RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti. Mwanafunzi wa Makerere ana jina lake na nywila yake mwenyewe. Akienda Mbarara, akafika penye eduroam, simu inaunganika yenyewe. Ruta ya pale haimjui. Inauliza chuo chake, chuo kinajibu kwamba huyu ni wetu, anapita. Na ufunguo wa kusimba unaotengenezwa ni wake peke yake kwa muda ule, jirani yake kwenye meza ya maktaba hana. Mwanafunzi akimaliza chuo, jina lake linafutwa sehemu moja na mambo yanaishia hapo.

Linganisha na ofisi yenye nywila moja. Mfanyakazi akihamishwa au akifukuzwa, anaondoka nayo kwenye simu. Ili kumtoa itabidi kubadilisha nywila ya watu wote, pamoja na printa na kompyuta ya masjala, kazi ambayo hakuna anayeitaka siku ya Jumatatu. Kwa hiyo haibadilishwi. Ofisi yenye watumishi zaidi ya kumi na bado iko kwenye nywila moja, mimi sioni udhuru wake, kwa sababu mfumo wa jina kwa kila mtu umo tayari ndani ya WPA2 na ruta za ofisi kwa kawaida zinaukubali.

Sasa tuje kwenye swali la kodi yetu. Serikali ina uti wa mgongo wa faiba, unaosimamiwa na NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Waya huo una urefu unaozidi kilomita 4,000 na unaunganisha wizara, idara na wilaya. Wakazi wa Kampala na Entebbe watakumbuka MYUG, waifai ya bure iliyoanza 2016. Ilianza kwa kufunguliwa jioni hadi alfajiri siku za kazi, na wikiendi. Kuna waliocheka kwamba serikali imewapa intaneti ya kulalia. Sababu ilikuwa ya kihasibu tu: mchana uwezo ule wa intaneti hutumiwa na ofisi, na usiku ofisi zikifungwa unabaki bila mtumiaji ilhali umeshalipiwa.

Hapo ndipo mtu mwenye wasiwasi anauliza: kama bomba ni lilelile, kijana aliyekaa nje anatazama mpira yuko ndani ya mtandao wa wizara? Hapana, na sababu yake ndiyo kiini cha jambo zima.

Kisanduku kimoja cha waifai kinaweza kutangaza majina matatu au manne kwa wakati mmoja. Kila kipande cha data kinapopita hutiwa alama kulingana na jina ulilojiunga nalo. Kipande chenye alama ya wageni kinapelekwa moja kwa moja kwenye intaneti. Swichi, kile kisanduku kinachogawa waya za mtandao ofisini, haina ruhusa ya kukipeleka kwenye seva wala kwenye kompyuta ya mhasibu inayofungua IFMS, mfumo wa fedha wa serikali. Mafundi huita mgawanyo huo VLAN. Waya ni mmoja, bili ni moja, lakini kwa upande wa data ni mitandao miwili isiyofahamiana. Juu yake huongezwa amri nyingine ya kuzuia simu za wageni zisionane zenyewe kwa zenyewe, ili aliyekuja na simu yenye virusi asiwaambukize wenzake wa benchi. Mpango wa kawaida una sehemu tatu: wafanyakazi, wageni, na vifaa kama kamera na printa. Hii ya tatu husahaulika. Ile printa iliyokuwa ikijitangaza bila kufuli mara nyingi ni kompyuta ndogo yenye nakala za karatasi za watu ndani ya kumbukumbu yake, na inaweza kuwa mlango rahisi zaidi wa kuingilia kuliko simu ya mzee wa PRN.

Tatizo ni ofisi isiyo na mgawanyo wowote. Humo kila aliyejiunga yuko chumba kimoja na kompyuta ya mishahara. Mkuu wa ofisi anajua hivyo, au anahisi tu, na suluhisho analoliona ni kutoa amri kwamba nywila asipewe mgeni. Kisha yanaanza ya binadamu. Anakuja mstahiki diwani, utamkatalia? Anakuja mchungaji. Anakuja mfadhili wa mradi wa maji na laptopu yake. Anakuja shangazi wa mpokezi. Kila mmoja ananong'onezewa, na kila mmoja anaingia palepale penye mishahara, kwa sababu hakuna pengine pa kumpeleka. Mtandao wa wageni ungewapa hao wote wanachotaka bila kumlazimisha mpokezi kuchagua kati ya adabu na usalama. Kwa maoni yangu huo ndio ulinzi wa kwanza wa kuwekwa, kabla ya kununua programu ya gharama.

Kuna njia nyingine ya uvujaji inayonisumbua zaidi. Umeme ukikatika, ruta rasmi inazimika. Kile kiruta kidogo cha laini ya simu, chenye betri yake, kinaendelea. Mtumishi amekinunua kwa pesa yake ili kazi isilale, na hapo siwezi kumlaumu. Lakini sasa kompyuta ya ofisi yenye kumbukumbu za wananchi inapita kwenye kifaa ambacho ofisa wa TEHAMA hajui kama kipo, chenye nywila iliyotoka kiwandani, ile iliyochapwa chini ya kifaa. Mbaya zaidi ni pale kifaa cha binafsi kinapochomekwa kwenye waya wa ofisi ili "waifai ifike na huku." Hapo mgawanyo wote uliopangwa na fundi unapitwa kwa kisanduku kimoja cha bei rahisi.

Tugeukie upande wa mgeni. Je, ukijiunga, mwenye mtandao anasoma ujumbe wako? WhatsApp husimba ujumbe kutoka simu hadi simu tangu 2016, na tovuti za benki na URA hutumia HTTPS, ambayo husimba kutoka kwenye kivinjari chako hadi seva ya mwenye tovuti. Turudi kwenye taksi yetu: hata lugha ya taksi ikijulikana na wote, wewe na mwenzako mna lugha nyingine ya ndani yenu wawili. Mwenye ruta ataona umewasiliana na nani, saa ngapi, na data kiasi gani. Ataona umefungua tovuti ya benki fulani. Salio lako hataliona. Si kitu kidogo, kwa sababu orodha ya tovuti unazotembelea inasema mengi juu yako, lakini ni mbali sana na "wanasoma kila kitu."

Hatari inayokuhusu zaidi ni ya kitapeli kuliko ya kiufundi. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuwasha hotspoti na kuipa jina la ofisi. Simu yako huangalia jina; haijui nani kalitangaza. Ukijiunga, unaletewa ukurasa mzuri wenye nembo, unaoomba "uthibitishe" kwa namba ya simu na PIN ya Mobile Money. Hakuna waifai duniani inayohitaji PIN yako ya pesa. Ukurasa ukiiuliza, zima na uondoke. Vivyo hivyo kivinjari kikionya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze "endelea hivyo hivyo." Na kama unataka tu kutuma pesa, kumbuka kwamba *165# ya MTN na *185# ya Airtel hupita kwenye mtandao wa simu, hazigusi waifai hata kidogo. Unaweza kuzitumia ukiwa kwenye waifai mbovu kuliko zote.

Kuhusu VPN, programu inayopitisha data yako kwenye seva ya mtu mwingine na hivyo kukwepa vizuizi, Waganda tunaijua kwa sababu zetu. Ilianza 2018 na kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, ikaenea tena baada ya Facebook kufungwa Januari 2021. Wengi wakatoka na imani kwamba ukiwasha VPN umelindwa na kila kitu. VPN hukuficha kwa mwenye ruta, kweli. Lakini data yako inatoka mikononi mwa mwenye ruta na kuingia mikononi mwa mwenye VPN, na huyo wa bure kabisa anakula wapi? Kwa raia na simu yake, ni hiari yake. Kwa mtumishi anayeipakia kwenye kompyuta ya ofisi ili aone Facebook wakati wa chai, anaipitisha kazi ya serikali kwenye seva ya mtu asiyemjua.

Wengine hushauri kuficha jina la waifai lisionekane kwenye orodha. Halisaidii. Programu za bure huliona hata hivyo, na simu zilizozoea mtandao uliofichwa huanza kuuita kwa jina kila zinakokwenda.

Neno udukuzi nalo tumelifanya gunia la kubebea kila wizi. Novemba 2024, Waziri wa Nchi wa Fedha Henry Musasizi aliliambia Bunge kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu zilidukuliwa. Mitaani picha ikawa ya kijana mwenye kofia akipenya kwa waifai. Mapema 2025 waliofikishwa mbele ya mahakama ya ufisadi walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha yenyewe, wakikabiliwa na mashtaka yatakayoamuliwa kwa ushahidi. Linalotuhusu hapa ni kwamba mashtaka hayo yaliwaelekea watu wenye ruhusa halali ya kuingia kwenye mifumo. Amri ya "nywila asipewe mgeni" haina cha kufanya na aina hiyo ya hatari. Kinachosaidia ni kila mtumishi kuwa na jina lake, na kumbukumbu ya nani aliingia wapi saa ngapi.

Sheria ipo pande zote mbili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inafanya kuwa kosa kuingia bila ruhusa kwenye mfumo wa mwingine au kunasa mawasiliano yake, hivyo kukuta mtandao uko wazi si ruhusa ya kuchungulia faili za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inambana mwenye ofisi: alinde taarifa anazokusanya, na zikivuja atoe taarifa kwa mamlaka mara moja. Hiyo inagusa hata ukurasa wa waifai unaoomba namba yako ya simu. Laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo namba ni mtu. Una haki ya kuuliza inakusanywa kwa ajili gani.

Linabaki pingamizi la gharama, nalo si la kupuuza: mkifungulia benchi zima, vijana watajaza video na ofisi itakwama. Fundi ana majibu mawili. La kwanza ni kuweka kikomo cha kasi kwa kila simu na muda wa saa moja. La pili ni bora zaidi kwa wilaya yenye bando nyembamba: mtandao wa wageni usifungue chochote isipokuwa tovuti za serikali zenye go.ug, pamoja na zile za kulipia. Ukurasa wa PRN ni mwepesi, mzee anamaliza kwa dakika chache, na anayetaka video ananunua bando yake. Ruta nyingi za ofisi zina mipangilio hiyo tayari ndani yake. Ofisa wa TEHAMA wa wilaya anahitaji barua ya CAO inayomruhusu, na mchana mmoja ambao hataitwa kurekebisha printa.